Kufufua boti kuukuu ya alumini na mashine yake: anza na tezi, rangi iwe ya mwisho

Kwenye fukwe za Dar es Salaam boti ya alumini si kitu cha kila siku. Feri, Msasani na Kunduchi zimejaa ngalawa, mashua za mbao na boti za faiba. Ya alumini ukiipata, mara nyingi imetelekezwa nyuma ya ghala, imepinduliwa kifudifudi, na bei yake ni ya chini kwa sababu mafundi wengi wa pwani hawataki kuigusa. Lakini alumini haiozi, na mdudu wa baharini anayetoboa mbao hawezi kuila. Adui yake mkubwa ni chumvi iliyonaswa mahali ambapo alumini inagusana na chuma cha aina nyingine. Ukilishika hilo utaelewa kwa nini hatua zimepangwa hivi, na kwa nini anayeanza kwa kopo la rangi hurudia kazi msimu unaofuata.

Maelekezo haya yanalenga boti ya mita 4 hadi 5 yenye mashine ya tu-stroki, ile ya kuchanganya petroli na oili, ya nguvu farasi 15 hadi 40. Nyingi zilizoko madikoni ni Yamaha Enduro, na vipuri vyake ndivyo rahisi kuvipata mjini. Mashine ya jina lisilojulikana, hata ukipewa bure, itakutesa kwa kipuri kimoja.

Kabla hujatoa pesa

Nenda na nyundo ya plastiki, bisibisi, tochi, spana ya plagi na geji ya kompresheni. Geji iazime kwa fundi magari.

Anza na tezi, pale mashine inapofungwa. Shika mguu wa mashine, uvute na kuusukuma huku mwenzako akitazama ubao. Ukicheza, au maji yakichuruzika kwenye matundu ya bolti, mbao ya ndani imeoza. Hiyo ni sababu ya kushusha bei tu, maana ubao unabadilishika. Sababu ya kuiacha boti ni mkuku uliopasuka, mataruma yaliyokatika mfululizo, au bati la chini lililoliwa kiasi kwamba bisibisi ikikandamizwa kwa kiganja inazama sehemu nyingi. Vishimo vichache vyenye unga mweupe ni vya kawaida. Boti nyingi za ukubwa huu zina bati la milimita 1.5 hadi 2 hivi, kwa hiyo kishimo cha nusu milimita kinavumilika, lakini kikifika milimita moja kinataka kiraka.

Kisha pima mashine. Chomoa plagi zote, gusisha waya zake kwenye bloku ili koili isiungue, zungusha mkono wa mafuta (ule wa kuongeza mwendo) hadi mwisho, funga geji, vuta kamba mara tano au sita kwa nguvu ileile kila silinda. Mashine nzima za aina hii kwa kawaida husoma kati ya psi 90 na 130. Zingatia zaidi tofauti kati ya silinda: isizidi asilimia 10 hivi. Moja ikisoma 110 na nyingine 75, hesabu gharama ya kufungua injini. Zikisoma 85 zote mbili, huenda ringi zimegandishwa na kaboni tu na zitaachia.

Soma namba ya mashine kwenye kibati cha bano (kishikizi kinachobana mashine kwenye tezi) na uilinganishe na stakabadhi. Mashine za boti huibwa, na namba iliyosagwa kwa grenda ni sababu tosha ya kuondoka. Mkikubaliana, andikishianeni hati ya mauziano mbele ya serikali ya mtaa na wahusika wa BMU (kikundi cha kusimamia uvuvi ufukweni) wa diko hilo.

Vua kila kitu, kisha ijaze maji

Iondoe boti kwenye upepo wa bahari. Wanaume wanne wanaibeba ikiwa tupu. Itafutieni kivuli na bomba la maji baridi, hata kama ni uani Mwenge au Tegeta. Ng'oa mashine, viti, mbao, waya na bolti zote. Piga picha kabla ya kufungua kila kitu.

Foma iliyo chini ya viti itoe yote. Lita moja ya foma kavu huinua karibu kilo moja boti ikijaa maji, lakini foma ya zamani hunyonya maji na kuwa mzigo. Kata kipande ukikamue. Kikitoa maji, tupa. Mbadala ni foma ngumu isiyonyonya. Ukikosa, madumu matupu ya lita 20 yenye vifuniko vizima, yafungwe kwa kamba chini ya viti yasichomoke, yanafanya kazi kuliko watu wanavyodhani. Usiweke ile foma nyeupe ya kufungashia televisheni. Petroli ikiimwagikia inayeyuka.

Osha kwa maji baridi, sabuni ya unga na brashi ya nailoni. Magadi makali ya kuzibulia mabomba, Jik na asidi ya betri visiikaribie, vyote vinaila alumini. Unga mweupe uliogoma utoe kwa brashi ya waya wa stenlesi. Brashi ya chuma cha kawaida huacha chembe zinazoshika kutu ndani ya bati na kuanzisha vishimo vipya.

Sasa kuna kipimo ambacho wengi hukiruka. Iweke boti juu ya magogo, mkuku wote ukiwa umeshikiliwa, na ujaze maji ndani kina cha sentimita 10. Usizidishe: kwa boti yenye sakafu ya mita 4 kwa 1.2, kina hicho ni lita 480, karibu nusu tani, na boti iliundwa kubeba maji kwa nje. Ingia chini na kalamu ya nta, zungushia kila panapodondoka. Subiri saa moja, maana riveti nyingine huanza polepole. Ukipaka rangi kabla ya kipimo hiki unaficha matundu tu.

Riveti na nyufa

Riveti inayovuja lakini bado imara ikazwe upya. Mtu mmoja nje anabana kipande kizito cha chuma, kilo 2 hadi 3, kwenye kichwa cha riveti. Mwingine ndani anagonga mkia kwa nyundo ndogo. Mapigo matano mepesi ni bora kuliko moja zito, ambalo hunyoosha riveti hiyo na kulegeza za jirani. Rudia kipimo cha maji.

Inayozunguka ukiigusa itolewe kwa drili. Ukubwa wa kawaida ni 3/16 ya inchi, yaani milimita 4.8. Weka ya alumini iliyo mango. Pale ambapo mkono haufiki kwa ndani, tumia ya kuvuta lakini iliyozibwa mwishoni. Riveti za kuvuta za kawaida zinazouzwa madukani zina tundu katikati, na msumari wake ni wa chuma: zitavuja, kisha zitashika kutu. Kila riveti mpya ichovywe kwenye gundi ya poliyurithani kama Sikaflex 291. Silikoni inayonuka siki usiitumie kabisa, asidi yake inaila alumini, na rangi haishiki juu ya silikoni ya aina yoyote.

Ufa toboa kila ncha kwa drili ya milimita 3 ili usiendelee, kisha weka kiraka. Bati liwe la alumini ya baharini, 5052 au 5083, la unene uleule, lipite ufa kwa sentimita 5 kila upande, pembe ziwe za mviringo, gundi katikati, riveti kila sentimita 2.5. Bati la sufuria au la fremu ya dirisha halifai, hata kama fundi anaapa kwamba alumini ni alumini.

Kuchomelea ni kwa ufa mkubwa na mkuku tu. Gerezani kuna wachomeleaji wengi, lakini walio wengi ni wa chuma. Ulizia wanaotengeneza rimu za alumini kwa mashine ya TIG na gesi ya agoni. Mtihani wa haraka: muulize anasafishaje kabla ya kuchoma. Alumini huyeyuka kwenye nyuzi 660 za Selsiasi, lakini utando wake wa juu huhitaji zaidi ya 2,000. Fundi asiyesugua utando huo kwa brashi safi ya stenlesi atakupa mshono mzuri wa macho ambao haukuingia. Waya wa kujazia kwa bati la 5052 au 5083 ni 5356. Foma, gundi na tangi la mafuta vitoke kabla ya moto. Foma ikiungua moshi wake ni sumu.

Ubao wa tezi

Hapa usibane matumizi. Mashine yote inaning'inia na kusukuma hapa, na ubao uliooza ndiyo njia ya mkato ya kuizamisha Enduro yako mbele ya kisiwa cha Bongoyo.

Toa ubao wa zamani ukiwa mzima kadiri unavyoweza, ndiyo kigezo chako. Kata vipande viwili vya plaiwudi ya marini ya milimita 18, vigundishe kwa ipoksi upate milimita 36, vibane kwa jiriwa nyingi au mawe mazito usiku kucha. Toboa matundu ya bolti makubwa kuliko kipimo, yajaze ipoksi, ikikauka toboa upya kwa kipimo halisi. Hivyo maji yakipita kwenye bolti hayaigusi mbao. Kisha paka ipoksi pande zote mara tatu. Kingo zilizokatwa zipakwe hadi ziache kunyonya. Maji huingilia kingoni.

Mbao za dawa, zile za kijani kutoka Mafinga, ni marufuku kwenye boti hii, iwe tezi, sakafu au viti. Dawa yake ina shaba, na shaba yenye maji ya chumvi inaitoboa alumini iliyoegemea. Mninga mkavu uliopakwa vanishi unafaa kwa viti.

Bolti ziwe za stenlesi 316, M10, zenye washa pana, kipande cha nailoni au raba kati ya stenlesi na bati, na gundi ndani ya tundu. Kabla ya kutoboa matundu ya mashine hakikisha kimo. Mguu mfupi unataka tezi ya inchi 15, mrefu 20. Bamba lililo juu ya propela liwe usawa wa chini ya boti au chini yake kwa kisichozidi inchi moja. Likiwa juu, propela inavuta hewa na mashine inalia bila boti kwenda. Likiwa chini sana, mafuta yanaisha na boti inaburuta maji. Bano za mkono pekee hazitoshi. Piga bolti mbili kupitia ubao, ongeza na mnyororo wa usalama.

Metali zisizopatana

Pita tena boti nzima ukitafuta shaba, chuma na risasi. Kizibo cha shaba kwenye tundu la kutolea maji kibadilishwe na cha plastiki. Chubwi na sarafu zilizolala kwenye ngama (chini kabisa ndani ya boti) huacha matundu yenye umbo lake. Weka chubwi ndani ya ndoo. Waya wa hasi wa taa au pampu usiufunge kwenye bodi kama kwenye gari. Kila kifaa kiwe na waya mbili hadi kwenye betri. Funga zinki kwenye tezi, chini ya maji, igusane na bati tupu, na isipakwe rangi hata tone. Ikiisha nusu, badilisha. Zinki isiyoliwa kabisa baada ya miezi kadhaa baharini haijagusana vizuri.

Mashine

Usikimbilie kuiwasha. Mashine iliyolala miaka, ikiwashwa kwa pupa, huvunja ringi dakika ileile.

Mimina ndani ya kila silinda vijiko viwili vya mchanganyiko wa nusu dizeli nusu oili ya ATF (ya giaboksi otomatiki), iache siku mbili au tatu, kisha izungushe taratibu kwa spana kwenye nati ya flaiwili, kuelekea inakozungukia kila siku. Ikigoma, ongeza na usubiri. Ukilazimisha kwa bomba refu utavunja kitu. Ikizunguka lakini inakwaruza, maji ya chumvi yaliingia kwenye beringi za krenki, na hapo linganisha bei ya ukarabati na ya mashine nyingine.

*Umeme.* Weka plagi mpya za namba iliyoandikwa kwenye kitabu au kibandiko. Zile za NGK zenye -10 mwishoni, mfano B7HS-10, zina mwanya wa milimita 1.0. Cheche iwe ya buluu na iruke kwa mlio. Ikiwa ya njano au haipo, safisha kwanza viungio vya waya na sehemu za kugusia bodi; kutu hapo husababisha lawama nyingi zinazotupiwa CDI (kisanduku cha umeme wa cheche). Chomoa pia waya wa swichi ya kuzimia na ujaribu tena kabla ya kununua chochote.

*Mafuta.* Petroli ya zamani imwage yote. Badilisha mpira wa mafuta na balbu ikiwa vimekauka, pamoja na kiwambo cha pampu. Fungua kabureta, loweka, puliza kila jeti kwa hewa ya kompresa. Usichokonoe kwa waya wa chuma: jeti ikipanuka mashine inakula mafuta, na uchafu ukibaki silinda inakosa oili, kwa sababu oili huja pamoja na petroli hiyohiyo. Pistoni iliyochubuka upande mmoja mara nyingi chanzo chake ni jeti iliyoziba.

Mchanganyiko wa mashine za Yamaha za siku hizi ni 50:1, yaani mililita 400 za oili kwa dumu la lita 20. Ukiwa umebadilisha pistoni au ringi, tumia 25:1, mililita 800, wakati wa kuizoesha. Mashine kongwe za aina nyingine hutaka oili zaidi, kwa hiyo soma kibandiko. Oili iwe na alama ya TC-W3. Ile ya pikipiki imetengenezwa kwa injini ya kupozwa na hewa. Majini huacha majivu, ringi zinaganda na plagi zinakufa. Pima kwa chupa yenye alama, macho hayapimi.

*Maji ya kupooza.* Impela, raba yenye mabawa inayosukuma maji ya kupooza, badilisha bila kujadiliana, hata kama ya zamani inaonekana nzuri. Raba ikikaa miaka imekunjwa haifunguki tena. Fungua mguu wa chini gia ikiwa nafasi unayoikumbuka, na uurudishe gia ikiwa palepale. Bolti zilizoganda zipashe moto kidogo, zitie mafuta ya kulegeza, zilale usiku mmoja. Wakati wa kuingiza impela mpya ndani ya kikombe chake, zungusha shafti mwendo wa saa huku ukibonyeza, ili mabawa yalale upande sahihi. Kikombe chenye mikwaruzo mirefu nacho kibadilishwe. Paka grisi ubavuni mwa meno ya shafti. Juu kabisa usiweke, grisi ikinaswa huko hukuzuia kukaza mguu hadi mwisho.

Toa na themostati, itumbukize kwenye maji ya moto. Za injini nyingi ndogo za Yamaha huanza kufunguka kati ya nyuzi 48 na 52. Iliyogoma kufunguka inaunguza injini. Iliyogoma kufunga inaifanya iendeshwe baridi na kulowesha plagi. Wengi huitoa na kuitupa, na baadaye wanashangaa kwa nini mashine inatoa moshi na kuzima ikiwa taratibu.

*Gia.* Fungua skrubu ya chini, kisha ya juu. Oili ikitoka kama maziwa, maji yameingia na sili (raba za kuzuia maji kwenye shafti) zimekwisha. Vua propela kabla ya kulaumu sili: mshipi wa nailoni uliojizungushia nyuma yake ndiyo kisu cha sili kwenye maji yetu. Jaza oili ya gia SAE 90 kutokea tundu la chini hadi itokee juu bila mapovu, funga ya juu kwanza, ndipo ya chini. Skrubu zote mbili ziwekewe washa mpya.

*Kuwasha.* Zamisha mguu kwenye pipa la lita 200 lililokatwa juu, maji yafunike bamba la juu ya propela, propela ikiwa imevuliwa. Bila maji impela inaungua ndani ya sekunde. Ndani ya dakika moja mashine ianze kukojoa, yaani kutoa mchirizi wa maji ya kupooza. Isipokojoa, zima na uzibue tundu la mkojo kwa waya laini kabla ya kufungua tena mguu. Nyigu hupenda kujenga humo. Iache dakika 10 taratibu, kisha gusa kichwa cha silinda. Kiganja kisipovumilia hata sekunde chache, kuna njia iliyozibwa na chumvi ndani.

Rangi

Kama boti hupandishwa ufukweni kila siku, unaweza kuiacha bila rangi kabisa. Alumini hujilinda yenyewe. Ukitaka rangi, piga msasa namba 80 kisha 120, osha kwa maji baridi, kausha, futa kwa asetoni, na upake praima ya ipoksi au ya kung'ata alumini siku hiyohiyo kabla utando haujarudi. Kiangazi cha Juni hadi Septemba ndicho kizuri. Anza saa nne asubuhi umande ukikauka, na usipake bati lililochemka juani. Rangi ya kuzuia viumbe wa baharini yenye shaba haigusi boti hii, hata juu ya praima. Mkwaruzo mmoja wa matumbawe unatosha kuanzisha tundu.

Kuingia majini

Chombo kinahitaji ukaguzi na usajili wa TASAC (shirika la serikali la uwakala wa meli), na kwa uvuvi, leseni kupitia halmashauri. Shughulikia mapema, na uwe na jaketi okozi kwa kila atakayepanda.

Jaribio la kwanza lifanyike asubuhi kabla ya upepo, maji yakijaa, ndani ya ghuba ya Msasani upande wa kuelekea Bongoyo. Epuka bamvua: maji ya Dar hupanda na kushuka zaidi ya mita 3, na yakitoka utabaki juu ya miamba ukisubiri. Chukua kasia, nanga, kopo la kukumba maji, plagi za akiba na spana yake. Nusu saa ya kwanza nenda nusu mwendo. Kisha kimbia kwa kasi dakika mbili, zima ghafla, chomoa plagi. Rangi ya kahawia ni njema. Nyeupe kavu ni kwamba mafuta hayafiki au hewa inavuja, rudi taratibu. Nyeusi yenye oili: punguza oili hadi kipimo, au angalia themostati.

Ukirudi, mashine iwashwe kwenye pipa la maji baridi dakika 10 hadi 15, kila safari. Mimina maji baridi ndani ya boti pia, ng'oa kizibo, iinue omo ili ngama ikauke. Siku ya pili kaza bolti za tezi upya, maana gundi ikitulia hulegea kidogo, na baada ya saa kumi za kazi fungua skrubu ya chini ya gia uangalie tone moja la oili.